Barua ya wazi kwa wadhamini wa mfuko wa ruzuku: fomu yenu inadai karatasi za uongo

Kwa: Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini
Nakala: Mtendaji Mkuu na maofisa ruzuku

YAH: MASHARTI YA MAOMBI YA RUZUKU KWA VIKUNDI VYA KIJAMII

Waheshimiwa Wadhamini,

Tunaoandika ni makatibu, wahazini na washauri wa vikundi vya kijamii vinavyoomba ruzuku kwenye Mfuko wenu kila dirisha la maombi linapofunguliwa. Wengine tumepata, wengine tumekosa, na wachache tumewahi kukaa upande wa pili wa meza tukipima maombi ya mifuko mingine. Hoja zilizomo humu si ngeni kwenu. Zimefika kwa barua pepe, zimejazwa kwenye fomu ya maoni, zimesemwa mbele ya maofisa wenu kwenye semina za waombaji. Jibu limekuwa lile lile: maoni yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Kisha dirisha linafunguliwa tena na fomu ile ile, ikiwa imeongezewa viambatisho. Ndiyo maana sasa tunaandika hadharani. Jina la Mfuko tumeliacha nje kwa makusudi: ninyi mnajijua, na mifuko mingi hunakiliana fomu.

Hatulalamikii uchache wa fedha. Tunalalamikia jambo moja: masharti yenu hayatekelezeki yakifuatwa kama yalivyoandikwa, kwa hiyo anayepita ni aliyejua pa kupindisha. Mnapokea mafaili yaliyotimia, mnaamini mmepata vikundi makini, kumbe mmepata vikundi hodari wa kutengeneza karatasi. Tunaeleza moja baada ya jingine.

1. Dirisha la siku 21 na muhtasari "uliothibitishwa"

Dirisha hukaa wazi siku 21. Miongoni mwa viambatisho vya lazima ni muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha maombi haya mahususi, tena uwe umesainiwa na kuthibitishwa. Katiba nyingi za vikundi zinataka taarifa ya mkutano mkuu itolewe siku 14 kabla, nyingine 21. Hili mnaweza kulisoma wenyewe, maana katiba nayo mnadai iambatanishwe. Wape kamati siku tatu za kusoma mwongozo na kuamua kama mradi unafaa. Mkutano unaangukia siku ya 17, na hapo kila kitu kimekwenda sawa. Muhtasari huthibitishwa kwenye mkutano unaofuata, ambao nao unadai siku 14 nyingine. Muhtasari halali unapatikana siku ya 31. Dirisha lilishafungwa siku kumi zilizopita.

Kinachofuata kinajulikana. Katibu anaandika muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa, anarudisha tarehe nyuma, na karatasi ya mahudhurio inazungushwa nyumba kwa nyumba isainiwe. Maofisa wenu wakichukua mihtasari hiyo na kuilinganisha na tarehe ya tangazo, watakuta mikutano iliyoidhinisha maombi ya ruzuku ambayo bado haikuwa imetangazwa. Hatujasikia kikundi kilichowahi kuulizwa juu ya hilo.

Dawa yake ni nyepesi. Maombi yapokelewe kwa azimio la kamati tendaji lenye saini za mwenyekiti, katibu na mhazini. Mkutano mkuu uthibitishe kabla ya kusaini mkataba, kwa wale tu waliochaguliwa. Na fomu yenyewe, pamoja na mwongozo, itolewe walau siku 60 kabla ya kufunga.

2. Kotesheni tatu za kitu ambacho hakitanunuliwa mwaka huu

Kila kifaa kinachozidi kiwango mlichoweka kinadaiwa kotesheni tatu, yaani hati za bei kutoka kwa wauzaji, zenye tarehe isiyozidi siku 30. Uamuzi wenu hutoka miezi kadhaa baadaye. Chini ya kotesheni yoyote pameandikwa muda wa uhalali wa bei: siku 30, 60, mara chache 90. Fedha zinapofika, karatasi zote tatu zimekufa, na kikundi kinatakiwa kutafuta nyingine tatu kabla ya kununua, jambo ambalo ni sahihi. Zile za kwanza zilikuwa za nini?

Muuza vifaa anayeombwa kotesheni na vikundi vingi ndani ya wiki moja, akijua wengi wao hawatarudi kununua, huchoka haraka. Mwisho anatoa zote tatu yeye mwenyewe: moja kwa jina la duka lake, mbili kwa vichwa vya barua vya maduka mengine. Mwenye macho haambiwi tazama. Orodha ya vitu inafuatana kwa mpangilio ule ule kwenye karatasi zote. Neno lililokosewa tahajia kwenye ya kwanza limekosewa vivyo hivyo kwenye ya tatu. Bei za yule wa pili zimezidi za wa kwanza kwa 8% kwenye kiti, 8% kwenye meza, 8% kwenye waya wa umeme. Soko halipangi bei namna hiyo. Hiyo ni fomula iliyovutwa chini ya safu.

Wakati wa maombi ombeni bei moja na chanzo chake. Kotesheni tatu ziwekwe kwenye faili la ununuzi pale kununua kunapofanyika, nanyi mzikague kwa sampuli. Mtabaini udanganyifu mwingi kuliko sasa, kwa sababu mtakuwa na karatasi chache na risiti ya kulinganisha nayo.

3. Kikomo cha 7% kwa gharama za uendeshaji

Hapa tutakaa zaidi.

Tuanze na dogo. Mwongozo unasema gharama za uendeshaji zisizidi 7% ya bajeti yote. Jedwali la bajeti kwenye fomu, hata hivyo, linakokotoa 7% ya gharama za moja kwa moja, yaani za shughuli zenyewe za mradi. Kikundi chenye gharama za moja kwa moja 930 kikiweka uendeshaji 70, jumla ni 1,000 na uendeshaji ni 7% kamili, sawa na mwongozo. Jedwali linagawanya 70 kwa 930, linapata 7.5%, linageuza mstari kuwa mwekundu na kugoma kutuma. Mzoefu anashusha hadi 65 na kuendelea na safari. Mgeni anakesha akitafuta kosa ambalo si lake.

Kubwa ni kikomo chenyewe. Hata kikundi kidogo kinahitaji pango la ofisi, umeme, intaneti, ada za benki, mtunza vitabu walau wa siku mbili kwa mwezi, ada ya usajili, matengenezo ya kompyuta, na mkaguzi wa hesabu ambaye mnamdai ninyi wenyewe. Gharama hizi hazishuki kwa sababu mradi umekuwa mdogo. Mkaguzi hatozi nusu kwa kuwa mmepunguza ombi nusu. Kwa hiyo asilimia moja kwa wote inamuumiza zaidi aliyepewa kidogo: 7% ya ruzuku kubwa inalipa mhasibu, na 7% ya ruzuku ndogo haifiki hata kwenye ukaguzi.

Watoaji wengine wameshaliona hili. Serikali ya shirikisho ya Marekani, ambayo haisifiki kwa kulegeza masharti ya fedha, kwa miaka ilimruhusu mpokea ruzuku asiye na kiwango cha gharama za uendeshaji alichokubaliana na serikali kudai 10% ya gharama za moja kwa moja bila mchanganuo, na kuanzia Oktoba 2024 kiwango hicho kikapandishwa hadi 15%. Ford Foundation, taasisi ya Marekani inayotoa ruzuku, ilitangaza mwaka 2015 kwamba inapandisha mchango wake kwa gharama hizi kutoka 10% hadi 20%.

Sasa tazameni kinachofanyika chini ya 7% yenu. Pango linaitwa "ukumbi wa mafunzo". Mtunza vitabu anaitwa "mratibu wa taarifa za mradi". Umeme na intaneti vinaingia ndani ya "vifaa vya kujifunzia". Bajeti inapendeza, inapata alama nzuri, inapita. Mwisho wa mradi mkaguzi anakuta risiti ya pango la mwaka mzima imewekwa dhidi ya ukumbi wa siku sita. Anaandika hoja ya ukaguzi, kikundi kinadaiwa kurejesha fedha, jina linaingia kwenye orodha ya wasiostahili. Kikundi kilichoandika pango kama pango kilishatolewa kwenye mchujo wa kwanza, kwa hiyo hakionekani kwenye ripoti yenu yoyote.

Njia safi ipo, na mhasibu yeyote anaijua: mgao wa gharama. Mradi ukitumia chumba kimoja kati ya viwili kwa siku tatu kati ya tano za kazi, unabeba 30% ya pango. Mtunza vitabu akijaza karatasi ya muda kila wiki, na 40% ya saa zake zikawa za mradi, mradi unalipa 40% ya malipo yake. Msingi wa mgao unaandikwa pembeni ya mstari, na mkaguzi anaweza kuufuatilia. Tunaomba mwombaji achague mojawapo: aonyeshe mgao wake, au achukue 15% ya gharama za moja kwa moja bila mchanganuo. Atakayetaka vyote viwili akataliwe, hapo hatutamtetea.

Jambo jingine katika jedwali hilo hilo: hakuna mstari wa dharura, na kuhamisha zaidi ya 5% kutoka mstari mmoja wa bajeti hadi mwingine kunataka kibali cha maandishi kinachochukua wiki nyingi. Bei zinapanda kati ya kuomba na kulipwa, kila mtu anajua. Basi kila mstari unapandishwa kimyakimya kwa 10% au zaidi, na hakuna anayeweza tena kusema bei halisi ilikuwa ipi. Ruhusuni dharura ya 5% inayoonekana na uhamisho wa hadi 10% kwa taarifa tu, na mtapata bajeti zenye bei za kweli.

4. Malipo ya 40, 40 na 20

Mnalipa kwa mikupuo mitatu. Wa kwanza ni 40% baada ya mkataba. Wa pili ni 40% baada ya kikundi kutumia 80% ya mkupuo wa kwanza na taarifa yake kukubaliwa. Wa mwisho ni 20% baada ya taarifa ya mwisho kukubaliwa, yaani mradi ukiwa umekwisha.

Fuateni hesabu. Tuchukue ruzuku ya 100 kwa miezi 12, matumizi yakiwa sawa kila mwezi, takriban 8.3. Mkupuo wa kwanza unaisha kwenye mwezi wa 4.8. Sharti la 80% linamaanisha kutumia 32, na hilo linatimia mwishoni mwa mwezi wa nne. Mwongozo unakipa kikundi siku 30 kuandaa taarifa na unawapa maofisa wenu siku 60 kuipitia. Fedha zinaingia karibu na mwisho wa mwezi wa saba. Kwa miezi miwili akaunti ni tupu: wakufunzi hawalipwi, ratiba inasimama, washiriki wanatawanyika, na kuwakusanya upya kunagharimu. Tarehe ya mwisho ya mkataba haisogei. Taarifa inayofuata inaonyesha kikundi "kimeshindwa kutumia fedha kwa wakati", na hilo linakatwa alama kwenye ombi lijalo.

Kisha ile 20 ya mwisho. Ni kazi ya miezi miwili na nusu ambayo kikundi kinatakiwa kuifanya kwa fedha zake na kungoja kurejeshewa. Kikundi kisicho na akiba kinakopa, na riba ya mkopo mmeiandika kwenye orodha ya gharama zisizokubalika. Kisichoweza kukopa kinachukua risiti za ahadi: muuzaji anasaini kwamba amelipwa, kikundi kinaziwasilisha kwenu, naye analipwa mkupuo wenu ukifika. Karatasi ya uongo nyingine, na safari hii inasainiwa kwa nia njema na pande zote mbili, kwa sababu bila hiyo muuzaji halipwi kamwe.

Pendekezo letu ni 50, 40 na 10. Mkupuo wa pili uombwe kikundi kikishatumia 60% ya wa kwanza, na uamuzi utoke ndani ya siku 15. Kwa matumizi yale yale, 50 zinadumu miezi sita. Sharti la 60% linatimia mwezi wa 3.6, taarifa inakamilika mwezi wa 4.6, fedha zinaingia karibu mwezi wa 5.1, kabla akaunti haijakauka. Ile 10 ya mwisho ilipwe mwanzoni mwa mwezi wa 11 kwa taarifa ya ukurasa mmoja. Asiyeleta taarifa ya mwisho baada ya hapo asipewe tena. Adhabu hiyo inatosha.

5. Tovuti ya maombi

Haya ni ya fundi wenu, lakini yanaangusha maombi mazuri, na mengine yanaweza kurekebishwa ndani ya siku moja.

Tovuti humtoa mtu nje baada ya dakika 30 bila shughuli, na kuandika ndani ya kisanduku hakuhesabiwi kama shughuli, kwa sababu seva haipati chochote mpaka mtu abonyeze "hifadhi". Mtu anaandika dakika 40, anabonyeza, anarudishwa kwenye ukurasa wa nywila, maandishi yamepotea. Wekeni uhifadhi wa kiotomatiki kila baada ya dakika chache. Hadi hapo, mwombaji aandike kwanza nje ya tovuti, kisha abandike.

Kubandika nako kuna mtego wake. Kisanduku cha maelezo ya mradi kina ukomo wa herufi 2,000. Kihesabio kwenye skrini kinahesabu kila kuruka mstari kuwa herufi moja, lakini maandishi yakitumwa, seva inahesabu kila kuruka mstari kuwa herufi mbili. Mwenye miruko 11 anaona 1,995 kwenye skrini; seva inaona 2,006 na kukataa, ikitoa ujumbe mmoja tu, "Hitilafu imetokea". Watu wamefuta sentensi zao nzuri kwa kubahatisha wasijue tatizo ni mapengo kati ya aya. Wanaoomba sasa wabaki chini ya 1,950.

Kila kiambatisho kinatakiwa kisizidi MB 2, na mwongozo hauelezi namna ya kukifikisha hapo. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, ni picha ya nukta 2,480 kwa 3,508. Katiba ya kurasa 20 haiingii. Ikiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe tupu, nukta 200 kwa inchi, inaingia na inasomeka. Sentensi moja kwenye mwongozo ingemaliza nusu ya simu wanazopigiwa maofisa wenu siku ya mwisho.

Na siku hiyo ya mwisho: kufunga saa 5:59 usiku wa Jumapili kunamaanisha mtandao unazidiwa saa ambayo hakuna ofisa hata mmoja kazini. Fungeni saa 8 mchana, siku ya kazi.

6. Hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na takwimu za mwanzo

Sharti la hesabu zilizokaguliwa kwa miaka mitatu linakifungia mlango kikundi kipya, na kile cha zamani chenye mapato madogo linakidai ada inayoweza kumeza sehemu kubwa ya kile kinachokaguliwa. England na Wales, ambako usimamizi wa mashirika ya hisani ni wa zamani na mkali, sheria haidai ukaguzi kamili kwa mashirika madogo. Inaridhika na hesabu kupitiwa na mtu huru mwenye uwezo. Kwa ruzuku zenu ndogo, taarifa za benki za miezi 12, daftari la mapato na matumizi, na barua ya mpitiaji huru vinatosha.

Bangokitita lenu, yaani jedwali la malengo na viashiria vya mradi, nalo linadai takwimu za mwanzo (hali ilivyo kabla ya mradi) kwa kila kiashiria, wakati kukusanya takwimu kabla ya mkataba ni gharama isiyokubalika. Asiye na fedha za utafiti anaandika "35%" na kusonga mbele. Mwisho wa mradi anaandika "70%". Mnachapisha ongezeko hilo kwenye ripoti yenu ya mwaka. Ruhusuni takwimu za mwanzo zikusanywe katika miezi miwili ya kwanza, ndani ya bajeti, na viashiria visizidi vitano.

7. Alama zisizojulikana

Barua ya kukosa inasema maombi yalikuwa mengi na ushindani mkali. Haisemi alama, haisemi sehemu iliyopungua, haisemi kama ombi lilisomwa au liliishia kwenye orodha ya viambatisho. Kikundi kinarudi mwaka unaofuata na makosa yale yale, au kinaamini maneno ya mtaani kwamba ruzuku huenda kwa wanaofahamiana. Minong'ono hiyo mnaipalilia wenyewe kwa ukimya wenu.

Chapisheni vigezo na uzito wa kila kimoja ndani ya mwongozo. Kila ombi lisomwe na watu wawili wasiojuana alama. Tofauti yao ikizidi 20 katika 100, asome wa tatu. Anayekosa apewe alama zake kwa kila sehemu na sentensi mbili za sababu. Wapimaji wanaziandika tayari, ni suala la kuzituma.

Na pale maombi yanapolingana kwenye mstari wa kukatia, acheni kujifanya kuna tofauti kati ya 71 na 72. Pigeni kura ya bahati nasibu hadharani kati ya waliovuka kiwango. Wazo hili limeshajaribiwa kwenye ruzuku za utafiti, ambako wapimaji ni maprofesa: Baraza la Utafiti wa Afya la New Zealand lilianza mwaka 2013, Volkswagen Foundation ya Ujerumani ikafuata mwaka 2017, na British Academy ya Uingereza mwaka 2022. Wote walihakiki ubora kwanza, kisha wakaiachia bahati sehemu ambayo macho ya binadamu hayawezi kuitenganisha.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema mna wajibu wa kisheria wa kulinda fedha za hisani. Mnao, na tunautaka uwepo. Lakini wajibu huo unaanza fedha inapotaka kutoka. Cheti cha usajili, katiba, taarifa za benki, majina ya watia saini, kotesheni: vyote vikaguliwe kwa ukali kabla ya mkataba, kwa waliochaguliwa. Hakuna fedha inayolindwa kwa kukusanya katiba za watu ambao hamtawapa kitu.

Mtasema wafanyakazi ni wachache. Chukulieni, kwa mfano, maombi 300 yenye viambatisho 18 kila moja: ni nyaraka 5,400 za kufunguliwa. Mkianza na dokezo la kurasa mbili bila kiambatisho, mkaita 30 kuleta ombi kamili, nyaraka zinabaki 540. Upande wetu hesabu ni nzito zaidi. Ombi kamili likichukua saa 50, maombi 300 ni saa 15,000 za watu wanaojitolea. Mkitoa ruzuku 15, kila moja imegharimu jamii saa 1,000 kabla kazi yoyote haijaanza.

Mtasema pia kwamba wapo wanaotimiza masharti yote. Wapo. Wengi wao wana mwandishi wa kukodi wa maandiko ya miradi anayelipwa asilimia ya ruzuku ikitoka. Malipo hayo hamyaruhusu kwenye bajeti, kwa hiyo yanatoka kwenye posho za watendaji au kwenye risiti hewa. Mkitaka kujua ukubwa wa jambo hili, wekeni maandiko yaliyopita kwenye programu ya kulinganisha maandishi, mhesabu aya zinazofanana neno kwa neno kati ya vikundi visivyofahamiana.

Tunachoomba

Kabla ya dirisha lijalo, kwa amri ya ofisi na bila gharama kubwa: hesabu ya 7% kwenye jedwali ifanywe iwiane na mwongozo, kihesabio cha herufi na uhifadhi wa kiotomatiki virekebishwe, siku ya kufunga iwe ya kazi, kotesheni tatu na muhtasari wa mkutano mkuu vihamie kwenye hatua ya mkataba, na vigezo vichapishwe pamoja na uzito wake.

Kwa uamuzi wa Bodi: hatua mbili za maombi, uchaguzi kati ya mgao wa gharama na 15%, dharura ya 5%, mikupuo ya 50, 40 na 10 na uamuzi ndani ya siku 15, mpitiaji huru badala ya ukaguzi kamili kwa ruzuku ndogo, na bahati nasibu kwa waliolingana alama.

Tunaomba pia vikundi vilivyojaza masharti ya zamani visianze kusakwa kwa yale tuliyoyaeleza hapa. Mkianza na msako, hakuna atakayewaambia ukweli tena.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye tarehe ya utekelezaji kwa kila hoja mnayoikubali na sababu kwa kila mnayoikataa. Tuko tayari kuketi na maofisa wenu siku yoyote ya kazi kuipitia fomu kisanduku kwa kisanduku, na fundi wa tovuti awepo.

Wenu katika ujenzi wa jamii,

Makatibu, wahazini na washauri wa vikundi vya kijamii vinavyoomba ruzuku kwenye Mfuko